Mbao za Mnorwe Juu ya Balangida

Mlima Kibo, Mwalimu Cornel alikuwa ameupanda mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alikuwa ameketi. Aliupanda akiwa kwenye benchi la ofisi ya walimu pale Gendabi, akaupanda kilabuni mbele ya pombe ya mtama, akaupanda hata katika darasa la watu wazima, chaki mkononi, siku waliyofika kwenye neno "barafu" na wazee wakataka kujua ni mnyama gani. Kila safari barafu iliongezeka unene. Mara ya kwanza ilimfika vifundoni. Kufikia Novemba ya mwaka sabini na tano ilikuwa inameza nyumba na bati lake.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Alizaliwa kweli Uchagani, mlima ukiwa juu ya paa lao kama jirani mwenye maringo, lakini miguu yake haikuwahi kuupita msitu. Mwisho wake ulikuwa pale kina mama walipookotea kuni. Hapo alitazama juu, akasikia baridi, akarudi nyumbani kunywa uji.

Uongo huo ungezeeka naye salama kama si Natalia, muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Mbulu, mwanamke wa mikono laini na mdomo wa msasa. Jumatano moja, akitafuta katoni ya klorokwini nyuma ya stoo, alikuta mbao mbili ndefu, nyembamba, zimepinda mbele kama pembe za beberu. Fundi mmoja wa Kinorwe, aliyekuja kuchimba visima kisha akaenda zake, ndiye aliyeziacha. Pamoja nazo kulikuwa na fimbo mbili na kipande cha gazeti chenye picha: mtu amesimama juu ya mbao kama zile, katikati ya weupe mtupu wa barafu, anacheka.

Natalia aliichukua ile picha moja kwa moja hadi kibarazani kwa Cornel, alikokuwa ameketi na Didas, bwana mifugo, mtu wa Bukoba mwenye mwili wa kutosha watumishi wawili.

"Bwana Barafu," Natalia akasema, "hivi si ndivyo vyombo vyenu?"

Mtu mwenye akili angesema hapo hapo kwamba havijui. Cornel akaitazama picha, akaitazama tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana.

"Ndivyo hasa. Wazungu niliowabebea mizigo walikuwa navyo. Nilivivaa mpaka nikachoka."

"Basi Jumapili utatuonyesha. Ziwa Balangida limekauka, limefanya gamba la chumvi jeupe kama shuka la wodini. Na mwenyewe ulisema barafu na chumvi ni ndugu."

"Nilisema hivyo?"

"Safari ya saba," Didas akasema. "Pale kilabuni. Mimi nahesabu."

*

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, wakateremka ziwani watatu hao: Cornel na mbao begani, Natalia na kibuyu cha maji na kikapu cha viazi vya kuchemsha, Didas na viatu vyake vipya vya kiwanda cha Bora alivyokatazwa kuvivaa matopeni na yeye mwenyewe. Kushoto kwao Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Siku mbili lilikuwa halijaondoka.

Ukingoni walimkuta Mzee Gidahosh. Huyu alikuwa mfugaji wa tambarare za huko, aliyehamishiwa kijijini kwa operesheni ya vijiji mwaka uliopita, akapewa kiwanja namba thelathini na mbili, na kwa kuwa kiwanja hakichungiki, akaamua kujifunza kusoma. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka katika darasa la Cornel. Siku hiyo alikuwa na punda wawili, sururu, na ngozi kavu ya ng'ombe iliyotobolewa mbele ikafungwa kamba ndefu. Watu wa huko hukata chumvi ya mifugo ziwani, wakaipanga juu ya ngozi kama hiyo, wakaiburuta mpaka ukingoni.

"Shikamoo mzee," wakasema wote.

"Marahaba. Mwalimu, na hizo mbao?"

Cornel akamweleza. Gidahosh alisikiliza akiwa ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine.

"Leo mimi siingii," akasema. "Mvua imenyesha mlimani siku mbili. Maji yanakuja kwa chini. Juu unaona kavu, chini kunaiva."

Kilikuwa kitu chepesi sana kusema, "Basi turudi." Cornel alikuwa nacho tayari mdomoni. Lakini Natalia alikuwa anamtazama kwa jicho moja lililofumbwa nusu, na Didas alikuwa ameshaanza kutabasamu lile tabasamu la mtu anayehesabu.

"Hata Kibo ni hivyo hivyo, mzee," Cornel akasema. "Maji hupita chini ya barafu. Ukijua kukanyaga, inabeba."

Gidahosh akashusha mguu. Akaangalia ziwa, akamwangalia Cornel.

"Umeshatembea juu ya maji magumu kama haya? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi," mzee akasema taratibu. "Wewe ndiye mwalimu."

Cornel alifunga mbao miguuni kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kwani vyuma vyake vilikuwa vimeshika kutu. Akasimama. Akaanguka. Akasimama tena, Natalia akiwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Hiyo ni salamu," Cornel akasema. "Kwanza unaisalimu barafu."

"Na matako yako yameitika vizuri," Didas akasema.

Wakaingia. Mbao zilikuwa hazitelezi kabisa. Zilikwaruza chumvi kwa sauti ya mtu anayeparua ukoko wa ugali. Lakini alijifunza kusukuma mguu mmoja, kisha mwingine, fimbo zikimsaidia, na baada ya hatua mia mbili alikuwa anakwenda kama mtu mwenye kazi yake. Wenzake walimfuata kwa miguu nyuma, ndani ya ile mistari miwili aliyoichora.

"Kanyageni nilipopita," akawaambia bila kugeuka. "Nikipita mimi salama, nanyi mtapita."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu wa kazi, na kusema kweli aliamini. Hakufikiria kwamba mbao mbili za urefu wa mtu na zaidi zilikuwa zimeutandaza uzito wake kama unga kwenye ungo, wakati Didas nyuma yake alikuwa anashindilia kilo zake zote kupitia visigino viwili vya Bora. Mwalimu wa hesabu, na hesabu hiyo hakuipiga.

Ukingo ukawa mbali. Punda wakawa ukubwa wa mbuzi, kisha wa kuku. Pande zote ilikuwa nyeupe, na jua likirudi kutoka chini liliwapiga kidevuni. Hapo ndipo gamba lilipoanza kutoa sauti. Halikuvunjika. Liliguna tu, mbali upande wa kulia, kisha karibu, kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

Natalia akasimama. "Mwalimu. Hiyo ni kawaida?"

Cornel akachomeka fimbo mbele.

"Kawaida kabisa," akasema. "Barafu huongea. Ikinyamaza ndipo uogope."

"Inasema nini?" Didas akauliza, na safari hii hakucheka.

"Inasema karibuni."

Wakaendelea, kwa kuwa yeye aliendelea. Kila mguno alisema moyoni kwamba hatua kumi zaidi kisha angetafuta sababu: jua kali, kiu, mpira umekatika. Hatua kumi zikawa kumi nyingine. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa, na hata hajui kwamba ameshachagua.

Kisha mbele yake weupe ukabadilika, ukawa wa kijivu, unang'aa. Maji yalikuwa yamepanda juu ya gamba, membamba kama mate. Mbao zilipogusa hapo, zikaacha kukwaruza. Zikateleza.

Lo! Aliteleza hatua tano, kumi, ishirini, bila kusukuma, upepo masikioni, fimbo mikononi kama mabawa. Alipiga ukelele. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anafanya kile alichokuwa anakisimulia, na kilikuwa kitamu kuliko alivyokisimulia.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona wenyewe? Njooni!"

Akasikia Didas akija mbio, akicheka, kisha akasikia sauti kama ya chungu kikipasuka, na kicheko kikakatika.

*

Kugeuka juu ya mbao zile kulikuwa kazi ya ng'ombe kugeuka ndani ya choo. Alinyanyua moja, ikakanyaga nyingine, akaanguka, akainuka kwa magoti. Alipofanikiwa kutazama nyuma, Didas alikuwa mfupi. Alikuwa amezama mapajani. Tope jeusi lilikuwa linachemka kumzunguka, likitoa harufu ya mayai mabovu, na alikuwa anapiga miguu, na kila alipopiga alizidi kuwa mfupi. Natalia alikuwa hatua sita nyuma yake, ameganda, kikapu kimemwagika, viazi vinaviringika juu ya chumvi.

"Inaunguza!" Didas akapiga kelele. "Cornel! Magadi ya tope hili yanaunguza!"

Kutoka ukingoni Gidahosh alikuwa anakuja; bila shaka alianza kuwafuata zamani, kwani alikuwa ameshafika karibu. Hakukimbia. Alikuja na ule mwendo wa kuburuta miguu bila kuinyanyua, ngozi ikimfuata nyuma. Hatua ishirini kutoka kwa Didas akasimama, akalala kwa tumbo, akapaza sauti kupita juu ya vichwa vya wote:

"Mwalimu! Sema. Nifanye nini?"

Natalia naye akageuza uso. "Sema, Cornel! Huko kwenu mtu akizama mnafanyaje?"

Huko kwenu. Cornel alipekua safari zote kumi na moja, na kweli, katika safari ya tisa kulikuwa na Mzungu aliyetumbukia kwenye ufa. Alimtoaje? Alimvuta mkono. Kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kikombe cha chai.

"Mvute mikono!" akasema. "Natalia, msogelee umvute mikono, haraka!"

Natalia, aliyekuwa habishani na mtu kazini, akaenda. Hatua ya tatu gamba likatitia chini ya mguu wake. Akajitupa nyuma, akaokoka kwa goti moja kuchubuka. Ufa aliouacha ulikimbia hadi kwa Didas, ukamegua kipande alichokuwa amekishikilia. Didas akashuka hadi juu ya kiuno. Sasa hakupiga kelele. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa haraka, macho yake yamemkazia Cornel peke yake.

"Kingine, Mwalimu!" Gidahosh akaita. Alikuwa bado amelala palepale, kamba mkononi, anasubiri kama alivyosubiri kila jioni darasani aambiwe herufi inayofuata. "Hicho hakikufaa. Sema kingine!"

Upepo ulileta harufu ya mvua. Mlimani radi ilinguruma, mtu angedhani wanaviringisha mapipa.

Cornel alifungua mdomo na kikatoka kitu kidogo sana.

"Sijui."

"Unasemaje?"

"Sijui!" akapiga kelele, na kelele ikamtoka kama kilio. "Sijawahi kufika! Kibo sijapanda, barafu sijaikanyaga, hizi mbao nimezivaa leo! Mzee, mimi sijui kitu chochote! Usinisikilize!"

Natalia, aliyekuwa amelala kwa ubavu na goti linatoka damu, alimtazama kwa namna ambayo Cornel angeona afadhali matusi.

Gidahosh ndiye aliyesema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe mia.

"Nyamaza basi. Wewe mkubwa, bwana mifugo, acha kupiga miguu. Acha! Lala chali kama unalala kitandani. Mikono upana. Dada, lala hivyo hivyo, usisimame. Mwalimu, fungua hizo mbao. Lala kwa tumbo, uzisukume hadi kwake, moja kila kwapa. Ukisimama nakupiga jiwe."

Kufungua ile mipira kulichukua muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Alijua kwa sababu aliisema. Kisha akalala, akaanza kutambaa, mbao mbele yake. Gamba lilikuwa la moto juu na linatikisika chini, kama ngozi ya maziwa. Alisikia maji yakitembea chini ya tumbo lake. Alitamani kusimama akimbie. Kila kiungo kilitamani. Akatambaa.

Uso wa Didas ulikuwa wa kijivu.

"Mara kumi na moja," Didas akanong'ona. "Kumi na moja, mshenzi wewe."

"Inua mkono. Kwapa. Hivyo."

"Nikitoka nakuua."

"Sawa. Toka kwanza."

Mbao zikakaa. Didas akaacha kushuka. Gidahosh akatambaa akiisukuma ngozi juu ya chumvi hadi ikamfika Natalia, naye akaisukuma hadi nyuma ya kichwa cha Didas, kamba ikabaki kwa mzee. Cornel akalizunguka lile shimo kwa tumbo, akaingiza mikono topeni, akamshika Didas mshipi kwa nyuma, akaanza kuvuta kwa nguvu zake zote.

"Usivute!" Gidahosh akafoka. "Nani amekwambia uvute? Tope limemnyonya, ukivuta unampasua. Hujaona ndama anavyozaliwa? Bwana mifugo, wewe unajua. Ndama unamvuta lini?"

Didas alifumba macho. Midomo ilikuwa inacheza.

"Mama anaposukuma," akasema. "Akipumzika, unapumzika."

"Haya. Leo wewe ni mama na wewe ni ndama. Tikisa mguu mmoja, polepole, mpaka usikie maji yameingia pembeni. Ukisikia, pumua, useme. Sisi hapo tu ndipo tunavuta. Dada mkunga, shika hesabu ya pumzi."

Ikawa hivyo. Natalia alihesabu kwa ile sauti ya wodi ya wazazi, ya chini, isiyokubali ubishi. "Pumua. Tikisa. Pumua. Sasa." Wakavuta, nusu ya kidole. "Pumzika. Usivute, Cornel! Pumua. Tikisa." Nusu ya kidole nyingine. Matone ya kwanza ya mvua yalipiga chumvi na kuacha vitobo. Cornel alihisi tumbo lake limelowa; maji yalikuwa yanapanda juu ya gamba pale walipolala. Natalia aliyaona pia. Hakuharakisha hesabu.

Mkanda ulitoka. Paja likatoka. Kiatu kimoja cha Bora kikabaki huko chini, na tope likakisindikiza kwa sauti ya aibu. Kisha kwa ghafla, kama inavyokuwa kwa ndama, vyote vilivyobaki vikaja mara moja, na Didas akawa juu ya ngozi, suruali imemvuka, mzima, mweusi kwa tope hadi kifuani, analia.

"Msisimame," Gidahosh akasema. "Tambaeni. Mimi naburuta."

Wakatambaa hadi gamba lilipoanza tena kukwaruza magoti, na baada ya hapo pia wakatambaa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu.

*

Ukingoni Natalia alimwaga kibuyu chote cha maji ya kunywa kwenye mapaja ya Didas, na mvua ikamalizia. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu penye michubuko, lakini ilikuwa palepale. Akamfunga kwa khanga yake. Mbao za Mnorwe zilibaki ziwani. Kutoka pale walipoketi hazikuonekana tena.

Gidahosh alikuwa anaikunja kamba. Cornel akamwendea.

"Mzee, asante."

"Nilikuuliza," Gidahosh akasema, bila kumtazama. "Hapa hapa nilikuuliza. Wewe mwenyewe? Ukasema wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Mimi hili ziwa nalijua tangu sijaota meno. Nilijua linazamisha. Nikanyamaza, nikasema huyu ni mwalimu, huenda kuna jambo wamesoma." Akafunga fundo. "Hilo kosa ni langu, nitalibeba mimi. Lako beba wewe."

Wakampandisha Didas juu ya punda mmoja, miguu yake ikikaribia kugusa chini kila upande. Siku nyingine hilo peke yake lingewalisha vicheko wiki nzima. Natalia alitangulia na mzee. Cornel alitembea nyuma ya punda, kwa sababu hakuna aliyemwambia atembee wapi.

Walikwenda kitambo mvuani. Kisha Didas, bila kugeuka:

"Kumi na moja zote?"

"Zote."

"Hata ile ya yule Mzungu wa ufa?"

"Hata hiyo."

"Ile niliipenda." Punda akajikwaa, Didas akaguna kwa maumivu. "Kwa hiyo hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kufika kule juu. Mlikuwa mnauangalia tu kama sisi."

Cornel alifuta maji usoni. Angeweza kusema ndiyo, yaishe.

"Baba alifika," akasema. "Mara moja. Aliwabebea wazungu mizigo, viatu hakupewa, akafunga magunia miguuni nikimtazama. Alirudi na vidole vinne vya mguu wa kulia vimekuwa vyeusi. Vilikatwa. Hakuwahi kusema neno moja juu ya kule. Ukimuuliza barafu ikoje, anatoka nje."

Mbele, Natalia alikuwa amepunguza mwendo.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Didas akauliza.

"Saba. Shuleni watoto waliniuliza, baba yako ameona nini huko juu. Nikawaambia."

"Ukawaambia nini?"

"Nilichoweza."

Punda alipanda kilima cha mwisho. Nyumba za kijiji zilianza kuonekana, zimepangwa mstari, moshi umelala juu ya mabati kwa sababu ya mvua.

"Sijakusamehe," Didas akasema.

"Najua."

"Ninaongea tu kwa sababu miguu inauma, na nikinyamaza inazidi."

"Sawa."

"Basi usikae kimya kama jiwe. Endelea. Hayo magunia aliyafungaje?"

Cornel akasogea mbele kidogo, akawa sambamba na bega la punda, akaanza kueleza jinsi baba yake alivyofunga yale magunia. Safari hii ilimbidi asimame mara nyingi, akumbuke.